Ishungwe Imeliliwa

Bukavu, tarehe 12 Februari 1956

Dada yangu Domitille,

Nakuandikia kwa kalamu na karatasi ya biro ya kazi yangu, basi usishangae uzuri wake. Bibi yangu Emérence na watoto ni wazima. Mimi vilevile, ila kazi inanikaba koo. Tangu Wazungu wa Sosiete, ile kampuni yao, waseme watafunga mto wetu Nyakashozi kwa ukuta wa saruji, wenye wanaita baraji, kila siku ni mimi. Injenyeri anasema, nafasiria. Shefu anajibu, nafasiria. Bila mimi wale watu wawili hawawezi kuombana hata maji ya kunywa.

Najua watu wa Ishungwe wamepeleka mashitaka kwa tribinali ya shefu. Munaomba bonde lisifunikwe na maji mpaka mupewe kwanza mashamba mengine ya kulingana nayo. Vizuri sana. Mimi ni mutoto wa Ishungwe, siwezi kuwa adui yenu.

Sikiliza basi mawazo yangu. Kuko Muzungu mumoja hapa Ibanda, iko na mashini ya kukamata sauti. Anakusanya nyimbo za inchi yote na kuzipeleka Ubelgiji, na kule wakubwa wanasikiliza. Nilimwambia dada yangu ndiye mwimbaji wa Ishungwe, hakuna mwingine. Anakungoja. Lakini ile sifa ya bonde haitoshi. Uimbe na kilio. Ulilie Ishungwe sawa vile unalilia mutu, shamba kwa shamba, jina kwa jina. Muzungu akisikia sifa anapiga makofi na kwenda kulala. Akisikia kilio anauliza nani amekufa, na pale ndipo mambo yenu yatatazamwa.

Nijibu upesi.

Mudogo wako,
Apollinaire, komisi wa biro na mufasiri


Ishungwe, tarehe 26 Februari 1956

Mudogo wangu Apollinaire,

Barua imefika. Karatasi inanuka sabuni, kila mutu alitaka kuinusa.

Weye! Walikupa suruali ya Wazungu, wakakutoa akili? Nani amekwisha kulilia kitu kingali kizima? Umekula bukari ya Bukavu mpaka umesahau kwenu. Kilio si wimbo wa kuchezea. Mwimbaji anauliza: "Yuko wapi?" Wote wenye kusikia wanajibu: "Ameenda." Wakisha kujibu, basi. Yule ni marehemu hata akiwa anatembea, na vitu vyake shefu anavigawa.

Umemusahau Évariste? Alienda Kamituga kwa kazi ya zahabu, habari ikakuja kwamba shimo limemwangukia. Tulimulilia. Mimi mwenyewe niliuliza, watu walijibu. Mwaka uliofuata huyu hapa, na kofia yake na kikohozi chake! Alikuta Philémon, ndugu yake, amelala na bibi yake na kulima ndizi zake. Alienda kulalamika, waamuzi wakamwambia: "Muzee, weye ulikwisha kuliliwa." Sasa tunamwita Mugeni. Analala mu nyumba ya mbuzi ya Raphaël, na saa ya kupita karibu na migomba yake anageuza uso. Nilimuonea huruma, lakini jibu halirudi mu kinywa.

Kwa waamuzi nitaimba sifa. Unaikumbuka, nilikuwa nakubembeleza nayo:

Ishungwe, titi lisilokauka,
Philémon analima mpaka penye maji,
Raphaël mpaka kwa migomba myekundu,
Eulalie yuko katikati na kaburi la mama yake.
Unauliza mipaka? Uliza nyayo zetu.

Mipaka yote iko ndani, hakuna hata mumoja anaweza kubisha. Hiyo nitaimba hata kwa mashini yako. Kilio, hapana.

Dada yako,
Domitille


Bukavu, tarehe 18 Machi 1956

Dada,

Umeniandikia sawa vile unaandikia mutoto wa katekisimu. Haya, nimevumilia.

Weye mwenyewe umesema: bila jibu hakuna marehemu. Sasa niambie, mashini itajibu? Ile ni sanduku ya chuma. Mutakuwa watatu mu chumba: weye, mimi, na Muzungu mwenye hajui luga yetu ya Mashi hata neno moja. Tutafunga mulango. Nani atasema "Imeenda"? Hakuna. Kitakuwa kilio cha bure, sauti tu, na hiyo sauti itavuka bahari, itafika mbali kuliko mutu yeyote wa kwetu. Watu wa Bruxelles watasikia jina la Eulalie na la mama yake. Nani mwingine amekwisha kuwapa jina namna ile?

Mama alipokufa ulinifunga mugongoni pamoja na jembe lako. Leo unaniogopa mimi?

Emérence anakusalimia. Siku hizi ananuna, juu ya kifo cha mama yake Adèle. Sikumupa ruhusa ya kuja kilioni huko kwenu. Bibi ya évolué, mutu mwenye kuhesabiwa karibu na Wazungu, hawezi kukaa chini kwa majivu na kunyolewa kichwa, halafu Jumapili aketi misa mbele ya bibi za Wazungu. Itamupita.

Nimetuma kitambaa cha kichwa. Kamio ya Sosiete itapita kwenu Alhamisi. Panda mbele, karibu na shofere, nimekwisha kusema naye.

Apollinaire


Ishungwe, tarehe 22 Aprili 1956

Mudogo wangu mupenzi,

Nimefika salama toka Bukavu, na tangu nifike sina nafasi ya kulima, kila mutu anataka habari. Nimewambia juu ya nyumba zile za Ibanda zinazoingia mu ziwa, na majani yanayokatwa bila kupewa ng'ombe. Wanasema nadanganya. Nimewambia juu ya biskuti ya Muzungu. Hiyo wameamini, juu nilileta moja.

Sifa niliiimba vizuri, sivyo? Na kilio vilevile, nakubali. Nilikuwa nakataa, lakini nilipofungua kinywa kilitoka chenyewe, shamba kwa shamba, sijaimba namna ile hata siku ya mama. Nilifurahi, Apollinaire. Ni haya kusema, lakini nilifurahi na sauti yangu.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Muzungu alipogeuza yale magurudumu mawili na sauti yangu ikatoka mu sanduku ikiuliza "Iko wapi?", nilitaka kujibu. Mimi mwenyewe! Nilishika kinywa na mukono. Weye uliniangalia, ukacheka kidogo. Nami nilicheka. Tulikuwa wajinga wawili.

Waamuzi wametupa siku, tarehe 9 Julai. Tukishinda, tutapewa ile inchi ya majani huko juu ya mto, na maji yafunike bonde tukiwa tumekwisha kuvuna. Tukishindwa hatuna pa kupanda hata mstari mumoja wa maharagi. Watu wananiangalia mimi. Omba Mungu nisishikwe na kikohozi.

Dada yako,
Domitille


Bukavu, tarehe 30 Juni 1956

Dada,

Mistari michache, kazi ni nyingi.

Mukuje wote tarehe 9. Wanaume, wanawake, hata wazee wa kubebwa. Waamuzi wakiona watu wengi watajua mambo ni ya kweli. Koo yako usiisumbue: nimeomba mashini kwa Muzungu, nitaileta mwenyewe. Nitaweka sifa yako isikike mu baraza yote, kuliko vile ungeimba kwa kinywa. Na msimamizi wa Serikali atakuwapo.

Vaa kile kitambaa.

Apollinaire


Ishungwe, tarehe 15 Julai 1956

Apollinaire,

Siweki jambo, siweki salamu.

Nataka ujue nilichokiona, juu weye ulikuwa umeinama nyuma ya sanduku yako. Nilikuwa nimekaa mbele na kitambaa chako, nikiringa. Niliwambia wanawake: nyamazeni, sasa mutasikia sifa. Ukageuza gurudumu. Haikuwa sifa.

"Shamba ya Philémon, iko wapi?" Ilikuwa sauti yangu, sauti ile ile yenye imelilia baba zao na watoto wao. Nao walikuwa wamechoka, walitembea tangu alfajiri, hakuna mwenye alikuwa na mawazo ya mashini. Philémon alijibu wa kwanza. Alifunga macho na kusema: "Imeenda." Eulalie akajibu. Kisha wote. Nilisimama nikapiga kelele, nyamazeni, mutego, nyamazeni! Nani angenisikia? Sanduku yako ilikuwa na sauti kubwa kuliko yangu. Nilikuwa nabishana na mimi mwenyewe, nikashindwa. Mutu mumoja tu hakujibu, Évariste. Alikaa amejishika magoti.

Wimbo ulipokwisha hata waamuzi walikuwa na machozi. Yule mukubwa wao alipangusa pua na kusema: "Mumeililia wenyewe, kwa vinywa vyenu, mbele yetu. Ishungwe ni marehemu. Vitu vya marehemu shefu anavigawa." Naye shefu aliwapa Sosiete palepale, bila kuomba hata maji. Halafu weye ukasimama, ukamugeukia msimamizi, ukafasiria polepole na Kifaransa chako kizuri, na nikakuona unafurahi.

Nilikubeba mugongoni. Njaa ile, ningekuacha kwa njia na hakuna mwenye angeuliza. Mimi ninaulizwa sasa. Eulalie amekuja mbele ya mulango wangu na kuuliza: kaburi la mama iko wapi, Domitille? Anangoja nijibu.

Ulijua tangu siku gani? Niambie hilo tu.

Domitille


Bukavu, tarehe 5 Agosti 1956

Dada,

Nilijua tangu ulipoandika habari ya Évariste. Basi, umeuliza, nimejibu.

Sasa acha kelele, tuseme sawa watu wakubwa. Baraji ingejengwa hata kama mungeshinda. Munafikiri Wazungu wanavunja mulima juu ya kucheza? Mungechelewesha kazi mwaka mumoja, miwili, kisha askari wangekuja na fimbo. Mimi nimewapa njia isiyo na damu, tena kwa desturi yenu wenyewe. Msimamizi alinishika mukono mbele ya watu wote. Alisema hajaona mambo ya wenyeji yakimalizwa namna safi vile.

Na wimbo wako ni muzuri kweli. Muzungu wa mashini ananiuliza kila siku kama una mwingine.

Kuhusu mashamba, mutazoea. Huko kwenye mawe muhogo unamea, mukitaka. Nasikia watu wanaangalia inchi ya baba kule juu, Mugaba. Uwaambie waondoe macho. Baba aliniachia mimi, mutoto mwanaume ni mumoja. Maji yakijaa, Mugaba itakuwa inatazama ziwa, sawa nyumba za Ibanda. Nitajenga ya matofali, na baraza mbele. Sosiete wamenikubalia kamio. Mwezi wa kumi na mbili natuma Emérence na watoto wakae pale walinde mahali, mimi nitafuata na masoni wa kujenga. Uwapokee vizuri. Wao hawana kosa.

Apollinaire


Mugaba, tarehe 13 Januari 1957

Mudogo wangu,

Maji yamefika. Hayakukuja kwa nguvu sawa tulivyoogopa, yalikuja yakinyemelea. Asubuhi njia ya kisima ilikuwa na tope, saa ya jua kali haikuwa na mwisho. Panya walipanda juu mbele yetu. Migomba ya Philémon ilisimama siku nyingi na maji kwa shingo, majani yangali mabichi, kisha ikalala. Eulalie alikaa kwa jiwe akiangalia mahali palepale hata wakati hapakuwa tena na kitu.

Nimetunga mengine. Hayaulizi kitu, basi usiogope:

Maji, umeingia bila kubisha hodi,
umeketi kwa kiti cha baba,
umelala kwa kitanda cha mama.
Mwenye alikufungulia mulango
ni yule tulimufundisha kutembea.

Watoto wanaiimba wakichota maji. Huku juu inapendwa sana.

Emérence amefika na watoto, nimewapokea vizuri sawa ulivyoomba. Siku ya kwanza alishuka mupaka maji na kuuliza mama yake Adèle alizikwa upande gani. Nilimuonyesha na kidole. Alikaa pale mupaka watoto wakasikia njaa.

Sina hasira tena. Ulisema kweli, desturi ni njia isiyo na damu.

Domitille


Bukavu, tarehe 24 Machi 1957

Domitille!

Ni mambo gani hii? Ninakuandikia na hasira.

Nilipanda Mugaba juzi na masoni na kamio ya matofali. Nilimukuta Philémon analima penye nimeweka alama ya nyumba yangu. Nilimuita, hakugeuka. Nilimushika bega, akapangusa bega sawa vile nzi amemutua. Raphaël analima. Eulalie analima. Inchi ya baba yote imekatwa vipande, maharagi yamekwisha kuota! Nilimuita mutoto wangu wa kwanza, akakimbia ndani. Emérence alisimama mulangoni na kichwa kimenyolewa, akaniangalia, akafunga mulango. Masoni walicheka, Domitille. Walishusha matofali kwa njia na kurudi.

Nilienda kwa waamuzi. Yule muzee mukubwa aliniuliza jina. Nilimuambia. Akasema: "Huyo alikwisha kuliliwa, na watu wake walijibu. Pole kwa kufiwa." Nilienda kwa msimamizi. Alinisikiliza mupaka mwisho, kisha alicheka, akasema Serikali haiingii mu desturi, tena: "Si weye mwenyewe ulinifasiria?"

Niko muzima! Nakula, nafanya kazi, niko na mushahara! Mutu hawezi kuliliwa kwa uwongo. Uliona maiti gani? Rudi kwa waamuzi, uwaambie ulikosea. Nitakupa kipande cha Mugaba, kipande kizuri, weye na Eulalie. Niambie unataka nini. Mimi ni Apollinaire, mutoto uliyemufunga mugongoni.

Mudogo wako,
Apollinaire


Mugaba, tarehe 7 Aprili 1957

Kwa mutu mwenye kuandika toka Bukavu,

Barua yako imefika kwetu kwa bahati mbaya. Haiko hapa mutu wa kuipokea kwa upande wako, lakini Masere, mutawa wa misioni, alinifundisha kwamba ni adabu kujibu.

Unaandika jina la mudogo wangu. Usiliandike tena, linaumiza watu wa nyumba. Tulimulilia mwezi wa pili, huku juu, mbele ya waamuzi na watu wote waliotoka Ishungwe. Nilinyoa kichwa. Nililia kweli, si kwa kuigiza, juu nilimupenda kuliko watoto wenye sikuzaa. Niliimba vile alinyonya uji kwa kidole changu, na vile alikuwa anashika sikio langu mugongoni mpaka alale. Kisha niliuliza: "Apollinaire, yuko wapi?"

Waliogopa. Philémon aliangalia chini. Hata Eulalie hakufungua kinywa, nikasema moyoni basi, imeharibika, kilio kimekosa mwenye kujibu. Emérence alikuwa amekaa nyuma na watoto, na kitambaa chake cha misa. Sikumuomba kitu. Nakuapia. Alisimama, akavua kile kitambaa, akasema: "Mama yangu sikupewa kumulilia." Akakaa chini kwa majivu. Naye ndiye alijibu wa kwanza.

Baada yake walijibu wote, mupaka ng'ambo ya maji walisikia.

Inchi ya marehemu imegawiwa, kila mutu wa bonde ana mistari yake. Kipande cha mbele, chenye kutazama ziwa, kimepewa mujane na watoto. Wamepanda maharagi. Matofali yako yako njiani bado, watoto wanayachezea.

Unasema uko muzima. Tunafurahi kwa ajili ya watu wako, popote walipo. Ukikosa pa kulala ukipita huku, nyumba ya mbuzi ya Raphaël ilihamia juu pamoja nasi. Nimekwisha kuuliza Évariste. Amesema nafasi ni ndogo, lakini atasogea.

Domitille